Mti, Dawa na Chai: Maneno ya Kikohozi cha Mtoto katika Nachingwea na Ruangwa



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya Kiswahili katika kusini-mashariki mwa Tanzania, nami nimechagua mlango mdogo wa kuingilia katika somo hilo, yaani kikombe cha majani yaliyochemshwa anachopewa mtoto mwenye kikohozi au mwenye koo linalowasha. Yamkini baadhi yenu mtaona kwamba jambo hili ni la jikoni, au ni la zahanati, na kwamba mwanaisimu hana sababu ya kulisogelea. Mimi naona vingine. Mzazi hakitibu kikohozi cha mwanawe kabla ya kukipa jina, na jina analolichagua ndilo linaloamua kama mtoto atapewa chai, atapelekwa kwa mganga, atakimbizwa hospitali au atatiwa kisu kooni. Majina hayo yana historia, na historia hiyo yaweza kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka mia moja katika wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa.

Wilaya hizi ni nchi ya Wamwera, ambao wanaishi pamoja na Wamakua, Wamakonde na Wayao. Kiswahili kilifika huko kwa njia za misafara iliyotoka Kilwa na Lindi, kisha kikaongezewa nguvu na misheni na shule. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi mwaka 1876, jirani kabisa na eneo tunalolizungumzia. Wabenediktini nao walijenga Nyangao, Lukuledi na, kuanzia mwaka 1906, Ndanda. Baadaye ukaja mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, uliouzaa mji wa Nachingwea kama tunavyoujua na kuwakusanya vibarua wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana isipokuwa Kiswahili. Mradi ulikufa, lakini Kiswahili kilibaki.

Mti uliokuwa dawa

Katika lugha nyingi za Kibantu neno la mti na neno la dawa ni neno moja. Shina la kale ambalo wanaisimu linganishi wanalirejesha katika umbo la *-tí, ambalo kwetu limetupa mti, huko kusini mwa Afrika limetoa umuthi wa Kizulu, ambao ni mti na pia ni dawa. Kiyao na Kimakonde vimetumia shina jingine, mtela, lakini fikra ni ile ile, kwa maana mitela ni miti na mitela ni dawa. Kwa msemaji wa lugha hizo, kusema kwamba mtoto ametafutiwa mti ni kusema kwamba ametafutiwa tiba. Hahitaji kueleza zaidi.

Kiswahili kilivunja undugu huo. Kilipolipokea neno dawa kutoka Kiarabu, kiliubakizia mti shina, matawi na mbao, nayo maana ya tiba ikahamia katika neno la mkopo. Ni hasara ndogo kwa mtazamo wa msamiati, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Mmea wa porini ulipoteza haki yake ya kuitwa tiba kwa jina lake wenyewe. Karne hii na iliyopita Kiswahili kimelazimika kuunda neno jipya, mitishamba, ili kuurudishia mti kazi iliyokuwa yake tangu zamani. Katika neno hilo shamba si mahali pa kulima. Ni upande wa nchi usio mji, kama tunaposema mtu wa shamba. Kwa hiyo ndani ya mitishamba mna hukumu pia: dawa hiyo ni ya huko, si ya hapa kwetu mjini.

Hali kadhalika ilitokea kwa mganga. Serikali ililichukua jina hilo la Kibantu na kuwapa watumishi wake, hata leo tunaye Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mfawidhi wa zahanati. Yule aliyekuwa mganga tangu awali ndiye aliyelazimika kuongezewa kivumishi: mganga wa kienyeji, kisha mganga wa jadi, na hatimaye, hasa baada ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, mtoa huduma wa tiba asili. Anayehitaji kivumishi ndiye aliyenyang'anywa nyumba.

Neno dawa lenyewe lilipita katika moto huko kusini. Mwaka 1905 Wamwera waliingia katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi, na misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi zikashambuliwa. Kilichowaunganisha watu wa lugha mbalimbali kilikuwa dawa, na dawa ile ilikuwa maji. Baada ya vita na njaa iliyovifuata, utawala wa Kijerumani, na baadaye ule wa Waingereza uliotunga sheria ya uchawi ya mwaka 1928, uliitazama dawa yoyote isiyotoka katika chupa ya serikali kwa jicho la shaka. Sasa, nendeni leo katika duka lolote la dawa pale Nachingwea mjini mkaulize dawa ya maji. Mtapewa chupa ya plastiki yenye dawa tamu ya kikohozi cha watoto. Muuzaji hafikirii kabisa Ngarambe wala Kinjikitile Ngwale, wala hana sababu ya kufikiri hivyo. Maneno yale yale matatu yamesafiri kutoka uwanja wa vita hadi kwenye kijiko cha mtoto.

(Juu ya wingi wa neno hili, madawa au dawa, nawaomba radhi wale waliokuja kusikia uamuzi. Tumegombana vya kutosha.)

Hospitali nazo zilichangia kulihamisha neno. Daktari Leader Stirling, aliyefika Lulindi mwaka 1935 na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi Mnero, wilayani Nachingwea, hata akawa Waziri wa Afya mwaka 1975, ni mmoja wa wale waliowafanya watu wa eneo hilo wazoee kwamba dawa hutolewa dirishani, kwa kipimo, na mtu mwenye cheti. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Watoto wengi waliishi kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba kufikia katikati ya karne ya 20 neno dawa lilikuwa limekwisha kujaa: vita upande mmoja, dirisha la hospitali upande mwingine. Majani anayochemsha bibi kwa mjukuu wake yangeitwaje basi?

Chai isiyo na chai

Yaliitwa chai. Jina hili lilitoka mbali, China, likapitia Uajemi na Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Mchai wenyewe, yaani mmea, ulipandwa na Wajerumani katika Usambara mwanzoni mwa karne ya 20, na haujawahi kuwa zao la Nachingwea wala Ruangwa, ambako joto na ukame havifai. Majani ya chai yalikuwa bidhaa ya duka, kama sukari. Kwa hiyo katika nchi hizo neno chai lilijitenga mapema na mmea wake, likawa jina la kitendo na la wakati: kinywaji cha moto, kitamu kikipatikana kitu cha kukitamisha, kinywewacho asubuhi au apatapo mgeni. Chai ya rangi, chai ya maziwa, chai ya tangawizi. Mtu akisema "njoo unywe chai" huenda mezani mna uji.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ninalolipenda kuliko yote katika mada hii, yaani mchaichai. Litazameni umbo lake. Mna kiambishi m- cha ngeli ya mimea, kisha chai, kisha chai tena. Mchai ni mmea wa chai, na mchaichai ni mmea ulio kama wa chai. Uradidi wa shina katika Kiswahili mara nyingi huipunguza maana makali au huifanya ya kukaribia tu. Nguo yenye majimaji haina maji ya kutekwa, na kitu cha buluubuluu hakijafikia buluu. Kwa hiyo msemaji aliyelibuni neno mchaichai alikuwa anakiri jambo kwa uangalifu wa mwanasayansi: hiki si chai, ila kinafanya kazi yake.

Tendo la kuyaita majani haya chai lilikuwa na faida ambayo wanahistoria wa tiba hawajaitazama vya kutosha. Liliishusha tiba kutoka kwenye cheo cha dawa hadi kwenye cheo cha chakula. Chai haihitaji mganga, haina masharti, haina mwiko, hailipiwi kuku wala fedha. Haitiliwi shaka na dola. Mama yeyote anayo ruhusa ya kuichemsha, na mtoto hulia kidogo anapoambiwa kuna chai kuliko anapoambiwa kuna dawa. Kwa njia hiyo maarifa ya bibi yalijificha mbele ya macho ya wote.

Vilivyomo ndani ya sufuria vinajulikana kwenu: mchaichai, tangawizi iliyopondwa, majani machanga ya mpera, kivumbasi au mrehani, pengine jani la mkaratusi, kipande cha ndimu au limau, na asali. Kuhusu asali, nchi ya miombo inayoelekea Liwale imebarikiwa, na ile ya nyuki wadogo husifiwa zaidi kwa koo. Tunaviita vyote tiba asili. Neno asili lina maana ya chanzo, chimbuko. Basi tuulize chimbuko. Mchaichai ni jani la Asia ya Kusini. Mpera ulitoka Amerika, nasi tumeuita kwa neno pera la Wareno, ambalo kwao ni jina la tunda jingine kabisa. Mkaratusi ni mti wa Australia. Tangawizi na ndimu ni za Asia, na mwarobaini, ambao jina lake linahesabu magonjwa 40 kwa Kiarabu, uliletwa kutoka India. Mrehani na asali ni maneno ya Kiarabu. Sisemi kwamba tiba hii si yetu. Ni yetu kama Kiswahili kilivyo chetu, na mtu anayelia kwamba maneno ya mkopo yanaiharibu lugha ainuse sufuria hiyo kwanza.

Je, inasaidia? Si kazi yangu kujibu kama daktari, lakini si haki kuwaacha bila jibu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Mwongozo huo unamtaka mhudumu amshauri mama mwenye mtoto wa kikohozi cha kawaida atumie kitu salama cha nyumbani cha kulainisha koo, na katika waraka wa mwaka 2001 Shirika hilo liliutetea ushauri huo likizitilia shaka nyingi za dawa za kikohozi zinazouzwa. Utafiti wa watoto 105 uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliopewa asali kabla ya kulala walipata nafuu ya kikohozi cha usiku kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Lakini asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa hatari ya sumu ya bakteria, na mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chai ya aina yoyote, kwani kinywaji chake ni maziwa ya mama. Na chai inalainisha tu. Haitibu mapafu yaliyoshambuliwa.

Majina ya kikohozi

Ndipo tunaporudi kwenye majina, kwa kuwa chai hufuata jina. Mama akisema "mtoto ana mafua", chai imekwisha kuwekwa jikoni. Akisema ana kifaduro, anajua kwamba ni kikohozi cha kifafa cha muda mrefu, ambacho chanjo imekipunguza sana. Akisema ana kichomi, neno limetokana na kitenzi choma, naye anaeleza maumivu ya kuchoma mbavuni, ambayo mara nyingi ni homa ya mapafu. Akisema "ana kifua", mambo yanakuwa magumu. Katika Kinyanja chifuwa ni kifua na pia ni kikohozi, na Kiswahili cha kusini hakiko mbali na hapo. Mhudumu aliyesomea mjini husikia kiungo cha mwili, au husikia pumu, au huogopa kifua kikuu, wakati mama amesema tu kwamba mtoto anakohoa. Mwongozo niliotaja unamwagiza mhudumu ahesabu pumzi: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari, na kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Kuhesabu kunampita kidogo mtego wa maneno, lakini lazima kwanza mama afike zahanati, na kinachomfikisha ni jina.

Tunao mfano wa karibu, degedege. Kwa kuwa jina hilo limefungamana na ndege katika fikra za wasemaji, watoto wengi wenye malaria kali walipelekwa kwa mganga kabla ya hospitali. Watafiti wa afya walilichunguza jambo hilo kwa kina katika nchi yetu katika miaka ya 1990. Kuhusu kikohozi, neno lenye hatari ya namna hiyo ni kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa kaakaa, juu ya koo. Kila mmoja wetu anacho. Lakini chunguzeni umbo la neno: ki-, -me-, -o. Linatuelekeza kwenye kitenzi mea. Kimeo, kwa umbo lake, ni kitu kilichomea. Na kitu kilichomea mahali ambapo hakikutakiwa hufanywa nini? Hukatwa, kama magugu. Msemaji wa Kiswahili husema "mtoto ana kimeo" kwa sauti ile ile anayosema ana jipu, na hakuna asemaye ana kidevu kwa maana ya ugonjwa. Hivyo kikohozi kisichoisha cha mtoto hupewa jina la kiungo chenye afya, na kiungo hicho hukatwa kwa wembe au kwa chombo cha fundi wa kienyeji. Madaktari wamekwisha kuliandika jambo hili Tanzania: kutoka damu nyingi, pepopunda, maambukizo, na mtoto kuchelewa kutibiwa ugonjwa wenyewe. Vijana wa mjini wamelichukua neno hilo na kuliita kimeo kila kitu kibovu, simu isiyowaka au gari lisilopanda mlima. Hata mzaha wao unathibitisha maana niliyoisema, kwamba kimeo ni kasoro.

Hapa ndipo ninapoiona chai kwa heshima zaidi. Kikohozi kingi cha watoto huisha chenyewe katika wiki mbili au tatu. Bibi anayechemsha mchaichai leo, na kesho tena, na keshokutwa, anaununua muda huo. Anampa mzazi mwenye wasiwasi kitu cha kufanya, na wembe unabaki mbali. Lakini muda huo huo anaounununua unaweza kuwa adui kama mtoto ana kichomi. Chai ile ile, siku zile zile. Tofauti imo katika kutambua kwamba pumzi zimekuwa za haraka, au kwamba mbavu zinabonyea ndani mtoto avutapo hewa.

Nisisahau msimu. Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapochanua, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake la manjano huelea juu ya vijiji. Salfa huwasha macho na koo, na huchochea kikohozi. Watu huiitaje? Dawa. Dawa ya mikorosho. Mtoto anakohoa kwa sababu ya dawa, naye bibi anampa chai, ambayo haiitwi dawa. Sijaona kamusi inayoweza kumweleza mgeni jambo hilo kwa mistari miwili.

Na kamusi ndiyo kazi yetu sisi. Johnson na kamati yake walitupa kamusi ya mwaka 1939, Sacleux akatupa yake mwaka huo huo, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kwa lugha za kusini wenyewe, Lyndon Harries alichapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950, na sarufi haina nafasi ya majani. Ningependa kidahizo cha kimeo katika kamusi zetu kianze kwa kusema kwamba ni sehemu ya kawaida ya koo la kila mtu, kisha ndipo maana ya ugonjwa itajwe, ikionyeshwa kuwa ni imani. Mwalimu wa shule ya msingi hufungua kamusi, na mtoto husoma mgongoni mwake. Katika kidahizo cha kifua, maana ya kikohozi isiachwe kwa kudhaniwa kuwa ni kosa la watu wa shamba.

Na wanafunzi mnaotoka Mbekenyera, Mnacho, Naipanga au Kilimarondo, mkienda likizo, msianze na Kiswahili. Mwulizeni bibi jina la mmea kwa Kimwera au Kimakua kabla hajawatafsiria kwa adabu, andikeni kama aliuita mti, dawa au chai, na mwandike pia umri wa mtoto aliyepewa, kiasi cha maji, na siku ngapi alingoja kabla ya kusema sasa apelekwe zahanati.